Mji Sitoi

Kompyuta ilitoka kiwanda cha minofu,
kisogo chake kama boga, na harufu ya sangara
isiyotoka hata tulipoifuta kwa spiriti.
Baba mdogo Luhende aliilipia mshahara wa mwezi mzima,
akaipandisha Mabatini kichwani mwa kijana wa mkokoteni,
jiwe kwa jiwe, ngazi kwa ngazi,
akaitua juu ya meza ya cherehani ya shangazi.

Ndani yake, kati ya hesabu za mapanki na barafu,
mtu alikuwa amesahau kisiwa.

Hakikuwa na watu. Hakikuwa na adui.
Hakuna aliyekukimbiza, hakuna saa iliyokuhesabia,
hukufa hata ukitaka.
Gati la mbao, mnara wa maji, kengele isiyo na ulimi,
mlango usio na kitasa,
na upepo, upepo tu, ukipita kwenye spika iliyopasuka
ukitoka kama mtu anayepuliza uji.

Tulibonyeza kila kitu. Kamba. Kivuli cha kamba.
Wavulana wa Bugarika walikuja, wakauliza bunduki iko wapi,
wakaondoka.

Mimi na Nkwimba tukabaki. Sijui kueleza vizuri.
Ni kama kuingia nyumba ambayo wenyewe wametoka kidogo:
kiti bado kina joto,
na kila kijiko kinajua jambo na hakisemi.
Unaangalia. Unaangalia tena.
Halafu siku ya tisa unaona misumari ya gati
haikupigwa ovyo, mitatu, mmoja, minne,
na damu inakwenda mbio
kana kwamba umeitwa kwa jina lako la nyumbani.

Daftari la Nkwimba lenye miraba
likaacha hesabu, likawa ramani.
Mwalimu Bujiku alilikamata, akaligeuza juu chini,
akauliza: hii ni wilaya gani?

Kwetu, kushindwa kulikuwa na bei yake:
unatoa mji, unaambiwa jibu, mnalala.
Bibi alikuwa tajiri wa miji.
Tabora yote yake. Bukoba aliipata kwangu usiku mmoja
kwa sababu ya yai.
Lakini kisiwa kile hakikupokea mji.
Nilikiambia, nimekupa Shinyanga.
Nimekupa Geita, na dhahabu yake chukua.
Kikapuliza uji wake.

Umeme ukikatika tulikitembea gizani, kwa mdomo.
Geuka kushoto, anasema Nkwimba. Nimegeuka.
Unaona nini?
Shangazi nje ya pazia akidhani tunasali.
Na nambari ishirini za LUKU alituachia sisi,
ati ndio wenye kazi ya mafumbo.

Kengele ilitutesa miezi saba.
Mpaka Jumapili moja, nyuma ya nyumba,
mtoto wa jirani akifukuza kuku
akapiga jiwe kubwa kwa jiwe dogo,
na jiwe likalia,
sauti ya chuma, safi, ndefu,
ikateremka juu ya mabati hadi ziwani.
Tulitazamana. Tukakimbia, ndala zikabaki.
Haikuwa ya kupigwa, ile kengele.
Ilining'inia pale kutuonyesha jiwe lililo chini yake.

Mlango hatukuufungua.
Masika yale maji yalipita chini ya meza, juu ya nyaya,
kioo kikatoa nukta moja nyeupe, ikazama.

Leo Nkwimba ameandika kutoka Musoma, anakouza pampu.
Amekipata kisiwa, kimeingia kwenye simu,
na majibu yote yako pembeni, mpaka la mlango.
Nikutumie?

Dirishani mawe yamekalia mawe
kama kuna aliyeyapanga akaenda zake,
akaacha moja limeinama, makusudi.
Nilipita hapo miaka yote hii na sikuliona.

Nimemjibu: nitumie kisiwa. Tega tu, usitegue.
Mwanza bado ninayo,
na mji sitoi.